Chuma kilicho ndani ya damu yako kilifuliwa na nyota zilizokufa

Siku wahudumu wa kukusanya damu wakija shuleni au chuoni kwenu, kabla hawajakulaza kitandani watakuchoma kidole kwanza. Tone moja tu. Wanachotaka kujua ni kama damu yako iko sawa kiasi cha kumgawia mtu mwingine, na kwa sehemu kubwa hilo ni suala la chuma. Kikipungua, utaambiwa pole, nenda ule terere, maharagwe na maini, urudi siku nyingine.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma. Ukizikusanya zote hupati hata msumari wa maana wa kutengenezea kiti. Lakini bila hizo gramu chache, damu haiwezi kubeba oksijeni, na wewe hungekuwepo kusoma makala haya.

Sasa swali. Hicho chuma kilitoka wapi? Usiniambie ati kwenye terere. Terere ilikitoa kwenye udongo, udongo ukakitoa kwenye mwamba, nao mwamba ulikirithi kutoka kwa wingu la gesi na vumbi lililozaa Jua na sayari zake miaka bilioni 4.6 iliyopita. Na hilo wingu je, lilikitoa wapi? Hapo ndipo stori inapoanza, na ni stori ya vifo.

Mwanzoni hakukuwa na chuma popote. Ulimwengu ulipoanza, yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita, dakika zake za kwanza zilitoa haidrojeni, heliamu na chembechembe za lithiamu, basi. Kwa uzani, robo tatu ilikuwa haidrojeni na karibu robo nzima iliyobaki heliamu. Hakuna kaboni, hakuna oksijeni ya kupumua, hakuna kalsiamu ya mifupa. Lile jedwali la elementi ulilokariri katika kemia lingekuwa na visanduku viwili vitatu vyenye kitu na vingine vyote vitupu. Mtihani ungekuwa rahisi ajabu, ila tu pasingekuwa na mtu wa kuufanya.

Vilivyobaki vimepikwa, na jiko ni nyota.

Nyota huishi kwa kubana haidrojeni katikati yake, kwenye joto la mamilioni ya digrii, mpaka atomu zinaungana kuwa heliamu. Muungano huo hutoa nishati, na nishati hiyo ndiyo inayoizuia nyota isijiangukie kwa uzito wake yenyewe. Jua letu liko katika hatua hiyo hadi sasa. Lakini chukua nyota nzito, tuseme mara 20 kuliko Jua. Hiyo humaliza haidrojeni ya kitovu chake kwa miaka milioni kadhaa tu, inahamia kwa heliamu, inaibana kuwa kaboni na oksijeni, kisha inachoma kaboni, halafu neoni, halafu oksijeni, na mwisho silikoni. Kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Silikoni huisha kwa takriban siku moja. Wazia hilo: mamilioni ya miaka ya maandalizi, kisha moto wa mwisho unawaka kama kutoka leo asubuhi hadi kesho asubuhi.

Jivu la huo moto wa mwisho ni chuma, pamoja na jamaa zake wa karibu kama nikeli. Na chuma ni mwisho wa barabara. Ukiziunganisha atomu za chuma hupati nishati, badala yake wewe ndiwe unayetozwa. Nyota imezoea kulipwa kila inapopika, sasa inakuta jiko linadai. Kitovu kinapoteza kilichokuwa kikikishikilia na kuporomoka kwa muda usiofika sekunde moja. Sehemu za nje zinarushwa angani kwa mlipuko ambao kwa wiki kadhaa unaweza kung'aa kama galaksi nzima. Wataalamu huuita supanova.

Hapa ndipo watu wengi wanaoandika mitandaoni kwamba "sisi ni vumbi la nyota" hukosea kidogo. Wanadhani kile chuma cha katikati ndicho kilichorushwa kikatufikia. Sivyo. Sehemu kubwa ya chuma hicho hufia pale pale. Hubanwa ikawa nyota ya nyutroni, mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi na uzito unaozidi Jua, na haitoki tena. Kinachorushwa kwa wingi ni matabaka ya nje, hasa oksijeni. Hewa unayovuta sasa hivi ina deni kubwa kwa nyota za aina hii.

Basi chuma cha damu yako? Kwa kiasi kikubwa, hakikuwa chuma kilipozaliwa. Kilikuwa nikeli. Joto la mlipuko hutengeneza aina ya nikeli isiyotulia, ambayo nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6, kisha nusu ya kobalti hiyo hugeuka chuma kwa siku 77. Kwa maneno mengine, chuma kilizaliwa njiani, nyota yenyewe ikiwa imeshakufa na mabaki yake yakikimbia angani kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde.

Tena kuna wauaji wa aina mbili. Nyota nzito ni aina moja. Aina ya pili huanzia kwa nyota ndogo kama Jua, ambazo kwa kawaida hufa kwa upole: zinavimba, zinageuka nyekundu, zinapuliza matabaka yao ya nje taratibu kwa maelfu ya miaka, na kinachobaki ni kaa dogo jeupe lenye ukubwa wa Dunia hivi. Pumzi hiyo ya polepole imebeba kaboni na naitrojeni nyingi, kwa hivyo usiidharau kwa sababu haina kishindo. Jua letu litafikia hapo baada ya miaka bilioni 5 hivi. Lakini kaa jeupe likiwa na mwenzi karibu, linaweza kumnyonya gesi au wakagongana, likalipuka lote bila kubakisha kitu. Mlipuko mmoja wa namna hiyo hutoa chuma kinachofika zaidi ya nusu ya uzito wa Jua. Huko ndiko kilikotoka kiasi kikubwa cha chuma katika galaksi yetu.

Utauliza, haya yote yalijulikanaje? Hakuna aliyewahi kwenda kuchota gesi ya supanova kwa ndoo.

Jibu ni mwanga. Ukipitisha mwanga wa nyota kwenye kifaa kinachoutawanya kama upinde wa mvua, utaona mistari. Kila elementi ina mistari yake, na hakuna nyingine inayoweza kuighushi, kama alama ya kidole. Mwaka wa 1952, Paul Merrill, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Mount Wilson, California, alitangaza kwamba ameona mistari ya elementi inayoitwa teknetiamu ndani ya nyota kadhaa nyekundu zinazozeeka. Hilo lilikuwa kama kumkuta mtu na mkate wa moto mkononi. Teknetiamu haidumu. Hata aina yake inayokaa sana hupungua nusu kwa miaka milioni 4 hivi, ilhali nyota zile zilikuwa na umri mkubwa kuliko huo kwa mbali. Kama ipo, basi imepikwa humo humo, juzi tu kwa hesabu za nyota.

Miaka mitano baadaye, 1957, wanasayansi wanne walichapisha ripoti ndefu iliyoeleza jikoni kwa nyota kila elementi hupikwa vipi: Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle. Jina la kwanza kwenye orodha ni la Margaret, na halikufika hapo kwa wepesi. Siku hizo wanawake hawakuruhusiwa kupewa zamu ya darubini kubwa za Mount Wilson. Alikuwa akiingia kama msaidizi wa mumewe, ambaye hakuwa mtaalamu wa kutazama nyota kwa darubini, halafu kazi anafanya yeye. Mwaka wa 1983 Fowler alipewa tuzo ya Nobel. Wenzake watatu hawakupewa kwa kazi hiyo. Wewe pima.

Ushahidi wa wazi zaidi ulijileta wenyewe Februari 1987. Nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa miaka ya nuru 160,000 na kitu. Ilionekana kwa macho matupu kutoka nusu ya kusini ya dunia. Wanasayansi walikaa wakaitazama ikififia, na ikafifia kwa mwendo ule ule ambao kobalti hugeuka kuwa chuma. Setilaiti zikanasa mpaka miale yenyewe inayotolewa na kobalti hiyo. Walipopiga hesabu wakapata kwamba mlipuko ule mmoja ulitengeneza chuma chenye uzito unaozidi wa Dunia 20,000. Sisemi chuma cha Dunia 20,000. Dunia zenyewe, nzima nzima, na bahari zake.

Sawa, chuma kimerushwa. Lakini kinafika wapi? Je, kinabaki karibu na kaburi la nyota, au kinaenea? Sehemu ya jibu hilo ilipitia kwetu Pwani, na nashangaa ni vijana wangapi wa Kilifi wenyewe wanalijua.

Ukitoka Malindi ukielekea kaskazini utafika Ngomeni. Ndani ya bahari, kilomita chache kutoka ufukweni, kuna majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu ambayo Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960 kwa kurushia roketi. Walichagua hapa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Huku Dunia inazunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka angani, miale ambayo haiwezi kupenya hewa yetu ikafika chini. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliipa jina kwa heshima ya siku na nchi: Uhuru. Mpaka leo ukisoma vitabu vya fizikia ya nyota, iwe Tokyo au Chicago, utakutana na neno hilo la Kiswahili. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wenyewe, alipata Nobel mwaka wa 2002.

Uhuru iligundua jambo lililowachanganya watu. Galaksi nyingi huishi kwa makundi, na kundi moja linaweza kuwa na mamia au hata zaidi ya elfu. Setilaiti ilionyesha kwamba nafasi iliyo katikati ya galaksi hizo, ambayo kwenye darubini za kawaida ni giza tupu, inawaka kwa eksirei. Ni nini kinachowaka? Wengine walisema ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Wengine wakasema sio gesi, ni chembe za umeme zinazokimbia kasi. Na hata waliosema gesi, wengi walidhani ni gesi mbichi: haidrojeni na heliamu za tangu mwanzo wa ulimwengu, ambazo hazijawahi kuingia ndani ya nyota yoyote.

Ubishi huo uliamuliwa na setilaiti nyingine, Ariel 5 ya Uingereza. Nayo ilirushwa wapi? Ngomeni, tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka wa 1976 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba katika eksirei za kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240, Ariel 5 ilikuwa imenasa alama ya kidole. Chuma.

Tafakari uzito wa jambo hilo. Kwanza, chembe za umeme peke yake hazitoi mstari wa chuma, kwa hivyo hiyo ni gesi. Pili, gesi hiyo haikuwa mbichi hata kidogo. Chuma hakipikwi popote isipokuwa kwa nyota na vifo vyake, na hapa kilikuwa kimetapakaa nje ya galaksi, mahali pasipo na nyota za kutajika. Kiasi chake kilikuwa kama theluthi moja ya kile cha Jua, ukilinganisha na haidrojeni. Hiyo theluthi isikudanganye ukaiona ndogo, manake gesi ya makundi hayo ina uzito unaozidi nyota zake zote mara kadhaa. Kumbe supanova hazichafui mtaa wao tu. Zikilipuka kwa wingi, upepo wao unatoboa galaksi na kumwaga chuma nje, kama sufuria ya uji inayochemka ikafurika jikoni kote.

Nimesema "kuchafua" kwa sababu wataalamu wenyewe hulitumia. Wana pia mzaha mwingine: kila elementi nzito kuliko heliamu wanaiita metali. Hata oksijeni. Andika hivyo kwenye mtihani wako wa kemia uone utakachopata.

Mwaka wa 2016 Wajapani walirusha setilaiti ya Hitomi ikatazama kundi lile lile la Perseus kwa jicho kali zaidi. Iliharibika baada ya wiki chache tu, hasara ya kuumiza moyo, lakini ilikuwa imeshapiga picha muhimu. Uwiano wa chuma, nikeli, kromiamu na manganisi katika gesi ya Perseus ulitoka karibu sawa kabisa na ule wa Jua letu. Mapishi ni yale yale, huko na huku.

(Kenya nayo? Jukwaa la Ngomeni lilirusha roketi ya mwisho mwaka wa 1988. Setilaiti yetu Taifa-1 ilipaa Aprili 2023, kutoka California. Hayo ni ya makala nyingine.)

Turudi kwa gesi ya galaksi yetu wenyewe, ya Njia Nyeupe. Ukipita Kamukunji pale Nairobi utazisikia nyundo kabla hujaona mafundi. Pipa la mafuta la mwaka jana ndilo jiko la leo, na jiko likioza litarudi hapo kama chuma chakavu. Galaksi inafanya kazi namna hiyo. Supanova inarusha mabaki yake, yanasukuma gesi iliyo njiani kwa makumi ya maelfu ya miaka, yanapunguza mwendo, yanapoa na kuchanganyika. Sehemu ya kaboni, silikoni na chuma inaganda kuwa vumbi laini. Baada ya mamilioni ya miaka, gesi hiyo iliyochanganyika inajikusanya kuwa wingu zito, na wingu linazaa nyota mpya ambazo tangu siku ya kwanza zina chuma kidogo kuliko vile watoto wao watakavyokuwa nacho. Jua ni zao la vizazi vingi vya kazi hiyo. Hata hivyo asilimia yake ya "metali" haizidi 2 kwa uzani. Miaka bilioni 9 ya vifo kabla ya Jua kuzaliwa, na matokeo ni hayo tu! Lakini hayo tu ndiyo yaliyotosha kutengeneza Dunia, Mlima Kenya na wewe.

Wala kazi haijasimama. Kuna aina ya chuma, chuma-60, ambayo hupungua nusu kila miaka milioni 2.6. Iliyokuwepo Dunia ilipoumbwa ilishaisha zamani. Ila mwaka wa 1999 wanasayansi waliripoti kuipata kwenye matabaka ya sakafu ya Bahari ya Pasifiki, na mwaka wa 2019 wengine wakaripoti kuipata ndani ya theluji ya Antaktika. Vipimo vya baharini vinaonyesha kwamba nyingi ilitua miaka kati ya milioni 1.5 na 3.2 iliyopita, kutoka kwa nyota moja au zaidi zilizolipuka jirani. Wakati huo, kando ya Ziwa Turkana, mababu wa binadamu walikuwa tayari wanapasua mawe kutengeneza visu. Huenda waliinua macho wakaona nyota ngeni inayong'aa, na vumbi lake likawafuata baadaye.

Kama unataka kuona mambo haya kwa macho yako, huhitaji darubini. Subiri usiku usio na mwezi, Desemba au Januari, mbali na taa za mji. Tafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitumia kujua majira. Zile ni nyota changa, za umri wa miaka milioni 100 hivi, zilizaliwa kutoka kwa gesi ambayo ilikuwa imeshapokea urithi. Karibu nayo, upande wa mashariki, utaona nyota tatu zilizojipanga mstari, na kando yake nyota kubwa yenye wekundu. Hiyo ni Betelgeuse. Ni mzee anayesubiri siku yake, na mwishoni mwa 2019 ilififia ghafla kwa miezi kadhaa kwa sababu ilikohoa gesi ikageuka vumbi mbele ya uso wake. Itakufa kwa supanova wakati wowote ndani ya miaka 100,000 hivi ijayo, kwa hivyo usikeshe ukingoja.

Kisha geuka kusini, chini karibu na upeo wa macho, mahali pasipo na mlima wala mti wa kukuzuia. Ukiona kama kipande cha wingu ambacho hakisogei, hilo ndilo Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi ya 1987. Ndani yake kuna chuma cha uzito wa Dunia 20,000 ambacho bado kiko njiani.